Uko Tanga na unataka kusoma uzamili: MBA au Usimamizi wa Miradi?

Tangu bomba la mafuta kutoka Uganda lielekezwe Chongoleani na gati za bandari zijengwe upya, swali hili halikauki hapa Tanga. Nisome MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, au nisome usimamizi wa miradi? Anayeuliza mara nyingi alimaliza digrii ya kwanza miaka kadhaa iliyopita, ana kazi au anashikilia kibarua, ana watu wanaomtegemea, na ada ataitoa kwenye mshahara au SACCOS. Mtu huyo hana uwezo wa kulipia uzamili mara mbili. Nimemwandikia yeye.

Sitaanza na orodha ya vyuo, maana chuo ni jambo la baadaye. La kwanza ni kazi.

Hatua ya 1: Taja kazi, usitaje cheo

Chukua daftari uandike kazi unayotaka kuwa unaifanya miaka mitatu ijayo. Iwe kazi inayoonekana: kusimamia ujenzi wa miradi ya maji vijijini, kuongoza kitengo cha mauzo cha kiwanda, kuendesha ghala la mizigo karibu na bandari, kuandika na kufuatilia miradi ya shirika lisilo la kiserikali, au kulikuza duka la familia la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani na kulifanya kampuni. Ukiandika "kuwa meneja" hujaandika kitu. Meneja wa nini?

Kisha kusanya matangazo ya kazi hiyo, kama kumi hivi. Ya serikali yapo kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Ya makampuni, wakandarasi na mashirika yatafute kwenye tovuti zao. Ruka maelezo ya mwanzo, nenda kwenye sifa za mwombaji. Chora safu tatu: digrii wanayotaka, usajili wa bodi ya taaluma, na miaka ya uzoefu. Mara nyingi utakuta digrii ya kwanza na usajili ndiyo masharti, na uzamili umetajwa kuwa sifa ya nyongeza. Kwenye nafasi za juu ndiko uzamili unakogeuka kuwa sharti. Zoezi hili linamaliza jioni moja tu, na kuna watu litawaokolea mamilioni.

Mtumishi wa umma ana la ziada. Muombe afisa utumishi akuoneshe Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako, umuulize mambo mawili: uzamili huu unatambulika kwenye kada yangu, na nikimaliza naweza kubadilishiwa kada? Usikubali jibu la "itajulikana ukirudi". Mwalimu aliyesoma MBA akitarajia kuhamia utawala, kisha akaambiwa hakuna nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), anarudi darasani na deni. Swali lile lingeulizwa kabla, angechagua vingine au angejipanga kwa subira.

Hatua ya 2: Elewa tofauti ya kazi mbili hizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza.

Mradi una mwanzo, una mwisho, una bajeti yake na kitu kimoja cha kukabidhi. Biashara au taasisi haikabidhi na kuondoka. Inaendelea kesho na keshokutwa. Bandari yetu inaonesha yote mawili. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na mizigo ikashushwa kwa matishari. Serikali ikatumia shilingi bilioni 429.1 kuongeza kina hadi mita 13 na kujenga gati zenye urefu wa mita 450. Kazi ile ilikuwa mradi: mkandarasi, ratiba, mikataba, vifaa, ukaguzi, makabidhiano. Ilipokwisha, kazi nyingine ikaanza, na hiyo haina tarehe ya mwisho: kuwashawishi wenye mizigo waitumie Tanga, kupanga zamu za wafanyakazi, kupanga bei za huduma, kuhakikisha mashine hazilali. Hiyo ni biashara.

Mfano mwingine uko kwenye mabomba ya nyumbani kwetu. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani (hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5. Kuipanga hatifungani ile, kuwaeleza wawekezaji kwa nini waiamini, na kuhakikisha riba inalipwa kila inapofika tarehe, ni kazi ya mtu wa fedha na biashara. Kuchukua fedha ile na kupanua mitambo na mtandao wa maji kwa wakati na ndani ya bajeti ni kazi ya mtu wa miradi. Ofisi moja, fedha moja, watu wawili tofauti.

Sasa jiulize ungependa kukaa kwenye kiti kipi.

MBA itakusomesha fedha, uhasibu wa kimenejimenti, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, mkakati na mbinu za utafiti. Inakupa upana. Inamfaa mhandisi, daktari au mwalimu anayepewa idara nzima aiongoze, na mfanyabiashara anayetaka kukua. Usimamizi wa miradi unachimba upande mmoja: kupanga kazi na kujua ipi ikichelewa inachelewesha zote, kukadiria gharama, ununuzi na mikataba, kubaini hatari mapema, kushirikisha jamii, ufuatiliaji na tathmini. Unamfaa aliye kwenye ujenzi, maji, barabara, nishati, afya ya jamii au mashirika ya wahisani. Ipo pia shahada ya ufuatiliaji na tathmini peke yake. Kwa anayetaka kazi za mashirika, ile mara nyingi inalenga vizuri zaidi, kwa sababu nafasi nyingi huko zinatangazwa kwa jina hilohilo.

Kijana mmoja fundi sanifu wa maji aliniambia, "Kaka, si nisome MBA tu? Inafaa kila mahali." Nikamwuliza siku yake kazini inakwendaje. Akanieleza: asubuhi yuko kwenye mtaro, mchana anabishana na mkandarasi juu ya vipimo, jioni anaandika ripoti ya maendeleo. Kila alichokitaja kilikuwa mradi, na alikisema kwa furaha. Alipofika kwenye bajeti ya ofisi na watumishi, uso ulibadilika. Nilimwambia, "Mdogo wangu, umeshajijibu."

Usivutwe na bomba peke yake

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania, likiishia Chongoleani. Ni kazi kubwa kuliko nyingi zilizopata kuonekana mkoani, na naelewa kwa nini vijana wengi wanaona usimamizi wa miradi ndiyo tiketi. Lakini fikiria kalenda. Ujenzi wa bomba unahitaji watu wengi kwa muda. Uendeshaji wake unahitaji wachache, na wengi wao ni mafundi na wahandisi. Wewe ukianza kusoma leo utamaliza baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Mradi unaouona sasa dirishani huenda ukawa umeshakabidhiwa.

Hiyo si sababu ya kuikimbia fani ya miradi. Ni sababu ya kuisoma kwa ajili ya miradi yote, siyo mmoja. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, miradi ya maji ya RUWASA vijijini, ya barabara za TARURA mitaani, madarasa na zahanati za halmashauri, TASAF: hizo zinaendelea kuzaliwa. Na ukitaka kubaki Tanga bila kuhama na kambi ya mkandarasi, tazama pia kazi zisizohama: bandari, saruji, mkonge, maziwa, maji, benki. Kazi hizo nyingi zinaita MBA au shahada ya fedha, ununuzi au usafirishaji.

Hatua ya 3: Pima uzoefu wako kwa haki

MBA iliyobuniwa vizuri inategemea wanafunzi wenye kazi nyuma yao, kwa sababu nusu ya somo ni majadiliano. AMBA, chombo cha London kinachothibitisha ubora wa MBA, kinataka wanafunzi wawe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Vyuo vingi vyetu havina ukali huo, lakini hoja iko palepale. Ukitoka digrii ya kwanza moja kwa moja kwenda MBA, utasoma mifano ya matatizo ambayo hujawahi kuyagusa. Kama huna uzoefu wowote, ushauri wangu ni huu: fanya kazi kwanza, hata ya kujitolea, angalau miaka miwili.

Upande mwingine, wapo watu wenye uzoefu wa miradi ambao hawajui kwamba wanao. Mwalimu mkuu aliyejenga madarasa kwa Force Akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kutafuta mafundi badala ya kumpa mkandarasi, akaunda kamati ya ujenzi na ya manunuzi, akatafuta mafundi, akashindanisha bei za saruji na mabati, akafunga hesabu na kukaguliwa, huyo amesimamia mradi. Mganga mfawidhi aliyesimamia jengo la mama na mtoto vilevile. Afisa maendeleo ya jamii aliyezungusha mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa vikundi amefanya ufuatiliaji. Andika haya kwenye wasifu wako kwa tarakimu: kiasi cha fedha, muda uliopangwa na uliotumika, watu uliowaongoza, tatizo lililotokea na ulivyolitatua. Barua nyingi za maombi hazina chochote zaidi ya "nina shauku". Yako itakuwa na kitu.

Hatua ya 4: Jiulize kama ni uzamili kweli unaouhitaji

Mhasibu ambaye hajamaliza CPA, cheti cha bodi ya wahasibu NBAA, amalize hiyo kwanza. Kwenye soko la kazi la wahasibu CPA inafungua milango ambayo MBA haiifungui. Mtu wa ununuzi aanze na CPSP, cheti cha bodi ya ununuzi na ugavi PSPTB, na ajue kuutumia mfumo wa NeST vizuri, maana ndiko zabuni za umma ziliko. Mhandisi ahakikishe usajili wake kwenye bodi ya wahandisi, ERB, umekaa sawa.

Kwa upande wa miradi kuna vyeti vya kimataifa. PMP, cheti cha meneja wa miradi, hutolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye digrii ya kwanza anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo kabla ya kukaa mtihani. Anayeanza anaweza kuchukua CAPM, inayodai saa 23 za mafunzo bila miaka ya uzoefu. PRINCE2 ya Uingereza nayo inaheshimika kwenye mashirika yenye mizizi huko. Wakandarasi wa kigeni wanavijua vyeti hivi mara moja, wakati digrii ya chuo chetu wanaweza kuhitaji kuelezwa. Ukiwa tayari na uzoefu na lengo lako ni kampuni ya kimataifa, cheti hiki huenda kikakufikisha kwa gharama ndogo na muda mfupi. Kama lengo ni ukurugenzi serikalini au kufundisha chuoni, cheti hakitachukua nafasi ya uzamili.

Hatua ya 5: Hakikisha chuo, programu na sifa zako

Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Taasisi kama IFM (usimamizi wa fedha), CBE (elimu ya biashara), IAA (uhasibu, Arusha) na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na uzamili wao unaitwa ngazi ya 9. Tazama programu yenyewe, siyo jina la chuo tu: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na programu fulani bado haijaidhinishwa. Orodha zipo kwenye tovuti za vyombo hivyo. Ukipata ofa ya chuo cha nje kwa mtandao, andikia TCU kabla ya kulipa chochote uulize kama tuzo yake inatambulika. Digrii isiyotambulika haitakusaidia kwenye ajira ya umma hata kama ilikugharimu usingizi.

Kuhusu ufaulu, kizingiti cha kawaida ni GPA (wastani wa alama) ya 2.7 kwenye digrii ya kwanza, yaani daraja la pili la chini. Mwenye chini ya hapo asikate tamaa. Stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja ipo kwa ajili hiyo, na ukiifaulu vizuri inakupandisha kwenye uzamili.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kusoma ukiwa Tanga

Madarasa ya jioni na ya wikiendi yako mengi Dar es Salaam: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mzumbe, IFM, CBE. Mzumbe yenyewe iko Morogoro, na ESAMI, taasisi ya menejimenti, na IAA ziko Arusha. Kutoka stendi ya Kange hadi Dar ni kilomita kama 350, na basi linakula sehemu kubwa ya siku. Darasa la Ijumaa jioni maana yake unaondoka Tanga kabla ya adhuhuri, na mwajiri wako lazima aridhie hilo kila wiki, siyo mara moja. Nimeona watu wakianza kwa nguvu na kuishiwa muhula wa pili. Walikuwa na akili za kutosha. Barabara ya Segera hadi Chalinze ndiyo iliyowamaliza.

Kwa mfanyakazi wa Tanga, napendekeza uanze kuangalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 hasa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi, kina kituo cha mkoa hapa hapa, na kina MBA na usimamizi wa miradi. Ugumu wake ni nidhamu: hakuna kengele wala mwalimu wa kukukumbusha. Kama wewe ni mtu wa kusoma mtihani ukikaribia, tafuta wenzako wawili watatu mkutane kila Jumamosi.

Sasa hesabu saa. Uzamili unadai krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwamo kusoma peke yako. Jumla ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miezi 18 unapata kama saa 23 kwa wiki. Kwa miaka miwili, kama 17. Fungua wiki yako uone saa hizo zinatoka wapi. Weka Ramadhani kwenye hesabu: jioni zake si za kuandika kazi za chuo, kwa hiyo tanguliza zile nzito mapema. Na mwenzi wako azione hesabu hizi kwa macho yake, maana nusu ya saa hizo zinatoka kwake na kwa watoto.

Hatua ya 7: Fedha

Omba chuo mchanganuo kamili wa malipo kwa maandishi: ada, usajili, mitihani, utafiti, usimamizi wa tasnifu, mahafali. Ongeza nauli, malazi, intaneti, uchapaji na kukusanya takwimu. Kisha ongeza muhula mmoja mzima, kwa sababu wengi tasnifu huwachelewesha na vyuo hutoza muda wa ziada.

Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, imelenga zaidi digrii ya kwanza, kwa hiyo usiijengee matumaini. Kama bado unakatwa deni lako la zamani, hiyo ni asilimia 15 ya mshahara, na kanuni ya utumishi inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara wako wa msingi baada ya makato yote. Ukichanganya makato hayo na mkopo wa SACCOS, unaweza kukuta hukopesheki tena katikati ya masomo. Kokotoa kabla.

Ufadhili wa nje upo kwa anayejipanga mapema. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja, inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na urudi nyumbani kwa miaka isiyopungua miwili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwenye programu zake za maendeleo, inadai uzoefu wa miaka miwili na kwa kawaida digrii yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Sharti hilo la miaka sita huwafungia nje watu wengi wazuri waliosema "mwakani nitaomba".

Hatua ya 8: Soma mtaala, zungumza na waliopita, fikiria tasnifu

Ukibakiwa na programu mbili au tatu, omba mtaala wa kila moja. Tafuta kama usimamizi wa miradi una somo la mikataba na ununuzi, na kama ratiba mnaijenga kwenye kompyuta au mnaisoma tu kwenye makaratasi. Kwenye MBA tafuta fedha na takwimu zilizo nzito. Masomo hayo ndiyo yanayoogopwa, na ndiyo yanayokutofautisha ukimaliza. Yote yatakuwa kwa Kiingereza, tasnifu pia. Kama uandishi wako umelala tangu digrii ya kwanza, tumia miezi mitatu kuuamsha: soma ripoti moja kwa wiki na uiandike upya kwa ukurasa mmoja.

Watafute wahitimu wawili wa kila programu. Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Waulize msimamizi wa tasnifu alikuwa anajibu baada ya siku ngapi, wangapi walioanza nao walimaliza kwa wakati, na kazi yao imebadilika nini tangu wahitimu.

Mada ya tasnifu ianze kutafutwa kabla hujadahiliwa, na itoke hapa: kwa nini machungwa ya Muheza yanauzwa shambani kwa bei ya mnunuzi, wakulima wadogo wa mkonge wanalipwaje, samaki wa soko la Deep Sea wanapoteaje ubora, miradi ya Force Akaunti inachelewa wapi. Takwimu utazipata kwa bajaji au daladala, na ofisi inayohusika itakuwa na sababu ya kukusikiliza. Usimlipe mtu akuandikie. Tasnifu ndiyo sehemu pekee ya uzamili ambayo mwajiri anaweza kukuomba uielezee kwa dakika kumi, na atajua.

Hayo yakikaa sawa, andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla hujapokea barua ya udahili, ukiambatisha mtaala na ratiba ya vipindi. Omba jibu la maandishi, tunza nakala, kisha ndipo uende kulipia fomu ya maombi.